Daktari wa Mbwa na Sikio la Ndugu Yangu

Mtu aliyenifundisha kusoma shingo ya mbwa ndiye aliyempasua ndugu yangu ngoma ya sikio, kwa mkono uleule, katika mwaka uleule. Nimejaribu kumkumbuka kwa jambo moja bila lingine, nimeshindwa. Mji mzima wa Arua ulimwita Dokta ya Imbwa. Alitibu ng'ombe pia, na mbuzi, na nguruwe wa majirani zake kule Ediofe, lakini jina la mbwa lilimganda kama kupe, naye hakulikataa. Jina lake la kweli nalijua. Siliandiki, kwa sababu aliniomba nisiliandike popote, hata katika daftari la wagonjwa, na mbele utaona kwa nini.

Mimi napiga picha za tumbo. Nina chumba nyuma ya duka la dawa, mtaa wa Oli, chenye kitanda, pazia na mashine. Wajawazito wanakuja, namwonyesha kila mmoja moyo wa mtoto wake unavyodunda, anakwenda nyumbani akicheka. Ndiyo maana wananiita Mama Skani. Nimezaliwa Koboko, nyumba ya Kiislamu, baba askari mstaafu, na kwetu mbwa alikaa nje ya ua nasi tukakaa ndani, heshima ikadumu. Kabla ya mzee huyu sikuwahi kumgusa mbwa hata kwa kidole.

Jumapili moja mchana, nimeshafunga, nikasikia teke mlangoni. Hakubisha hodi. Sidhani aliwahi kubisha hodi maishani mwake. Aliingia na gunia linalovuja, akalibwaga juu ya kitanda cha wajawazito.

"Mama, washa mashine."

Nikafungua gunia. Kilikuwa kichwa cha mbwa pamoja na shingo yake yote mpaka mabegani. Ulimi mweusi umejaa mdomo, macho yametoka nje, uso umevimba hata hujui pua inaishia wapi. Nilipiga yowe, mwenye duka akaja mbio na mchi mkononi. Mzee alimsukuma kifuani, akamtoa nje, akafunga mlango.

"Hapana ogopa," akaniambia. "Yeye nakufa jana. Mimi naua yeye."

Mbwa huyo aliitwa Kapteni. Koboko ndivyo ilivyo, mbwa wana vyeo vikubwa kuliko wenye mbwa. Mwenyewe alikuwa sajini wa zamani, na jirani yake, kwa ugomvi wa kuku, alimkata Kapteni shingo kwa jembe, upande wa kulia. Mzee aliitwa. Akafanya kama kitabu kinavyosema: akaufunga kwa uzi mshipa mkubwa wa kulia unaorudisha damu kutoka kichwani, akijua wa kushoto utabeba kazi. Kitabu kinachora mishipa hiyo miwili sawa kwa sawa, kama reli. Mbwa wengi wanavumilia hivyo, wengine hata ukiifunga yote miwili wanaishi. Kapteni hakuvumilia. Kichwa kilivimba mpaka pumzi ikaziba. Sajini akamfukuza mzee kwa panga hadi barabara kuu, akamkosa bega kidogo. Na mzee, badala ya kwenda kwao kushukuru Mungu, alirudi baada ya saa moja kuomba maiti. Sajini alishangaa hata akampa.

"Mimi napasua," alisema, akinionyesha kwa ncha ya kisu. "Ona. Kulia mshipa kubwa kama kidole. Kushoto kamba ya kiatu. Damu yote ya kichwa iko narudi kwa kulia, na mimi nafunga kulia. Sasa mimi nataka jua kitu moja. Mashine yako ingeona hii mbele ya mimi kata?"

Nilitaka aondoke tu. Nikamwambia maiti haina damu inayotembea, mashine haitaonyesha kitu, aniletee mbwa aliye hai. Jumapili iliyofuata alileta watatu.

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Yeye alimlaza mbwa, akamnyoa shingo, akamshika miguu na kumnong'oneza. Mimi nikavalisha kichwa cha mashine glavu, nikapaka jeli, nikapita taratibu kutoka pembe ya taya hadi kifuani. Kwenye kioo mishipa ni miduara myeusi. Ukibonyeza, ule unaorudisha damu unalala kimya. Ule unaotoka moyoni unakataa, unadunda vilevile. Yeye alikandamiza kwa dole gumba pale shingo inapoingia kifuani, mshipa ukajaa, na mimi nikaufuata. Wiki ya kwanza nilicheka. Wiki ya tatu nikaacha kucheka, kwa sababu hakuna shingo iliyofanana na kitabu, na hakuna iliyofanana na mwenzake.

Kitabu kinasema mshipa unaotoka usoni na ule unaotoka nyuma ya taya hukutana penye pembe ya taya, ukazaliwa mmoja mkubwa. Tulimpata mbwa ambaye hiyo miwili ilikutana chini kabisa, katikati ya shingo. Tulimpata ambaye kushoto ilishuka miwili sambamba, haitaki kuungana. Mwingine mshipa wa bega ulipanda kuingia juu isivyotarajiwa, na ukikata hapo kwa ujinga unaoga damu. Mwingine alikuwa na kiungo chini ya koo kinachofunga kulia na kushoto, kinene, na mzee alikitazama akasema huyu angepona, huyu ana daraja. Alichora yote katika daftari la shule, shingo moja kila ukurasa, na jina juu yake: Komando, Polisi, Meja, Simama Hapo, Mke Mdogo. Hakuandika majina ya wenye mbwa.

Na kanuni ilikuwa moja tu. Mbwa akija na jeraha kulia, nilianza kushoto. Nikisahau, aliugonga mkono wangu.

"Upande ya pili kwanza. Hii ya damu iko napiga kelele, kila mutu naiona. Ile ya kunyamaza ndiyo itaua."

Jambo lingine sitalisahau. Mama yangu alitulea kwamba ukiguswa na mate ya mbwa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Sikumwambia mzee, aliniona siku ya kwanza nikitafuta udongo nyuma ya duka. Toka siku ile, kila Jumapili alikuja na kopo la udongo safi mwekundu, ameuchekecha, ametoa mawe, na aliniwekea pembeni ya beseni bila neno. Yeye Mkristo, mtu wa misa ya asubuhi. Mume wangu mwenyewe, Mwislamu, hakuwahi kunichekechea chochote.

Sasa ukisikia hivyo utadhani alikuwa mpole. Mpole wapi!

Alitembea na kipande cha mpira wa tairi, urefu wa mkono, alichokikata mwenyewe. Alikiita Mwalimu. Kilikaa ndani ya buti la kulia na kilitoka kwa wepesi wa ajabu. Mtu mmoja wa Oli alimleta jike mwenye mbavu tatu zimevunjika. Mzee akauliza nani kampiga. Yule bwana, kwa uaminifu wake wa kijinga, akasema, "Mimi, Dokta. Iko nakula mayai." Mwalimu alitoka. Alimpiga yule mtu mbavuni mara tatu, akihesabu kwa sauti, mtu akagaagaa penye vumbi anatafuta pumzi. Kisha mzee akapiga magoti, akamfunga yule jike bandeji taratibu kama anafunika mtoto mchanga, akawaambia, "Sasa nyinyi wawili iko sawa. Kwenda nyumbani pamoja." Wakaenda pamoja, wote wanachechemea.

Mchinjaji mmoja aliyemmwagia mbwa maji ya moto alishikwa shingo, uso wake ukainamishwa juu ya sufuria ileile ya supu mpaka nyusi zikaungua. Polisi walikuja. Mzee aliwapa mikono afungwe pingu, na njiani mmoja wao akamwuliza habari ya mbwa wake mwenye upele. Alirudi siku hiyohiyo.

Na mtu huyohuyo ameua mbwa wengi kuliko yeyote Arua. Mwaka ule wa kichaa cha mbwa ilitoka amri mbwa wote wa mitaani wawekewe nyama ya sumu. Mzee akasema sumu inaua kwa saa nzima ya kujitapikia, yeye anaua kwa pumzi mbili. Akazunguka mwenyewe, kitanzi kwenye ncha ya ufito mrefu na sindano, mtaa kwa mtaa. Niliandamana naye asubuhi mbili. Aliwavuta wakimng'ata viatu, akawabana chini kwa goti, akatafuta mshipa wa shingo kwa dole gumba, akasukuma dawa. Alimwambia kila mmoja, "Pole, mama. Pole, baba. Pole." Mizoga ilirundikana kwenye mkokoteni. Kijana mmoja akapiga picha kwa simu huku akicheka. Simu ile ilivunjwa, na meno mawili pamoja nayo.

Hiyo "pole" ilikuwa ya mbwa tu. Mtu hakuipata. Jirani yake wa Ediofe alipofiwa na binti, mzee alichimba kaburi peke yake tangu futi ya kwanza mpaka ya mwisho, akakataa kusaidiwa, akafuta jasho, akaondoka bila kumpa mfiwa hata neno. Nilimwuliza. Akaniambia, "Pole ni dawa ya yule hapana na mdomo. Mutu iko na mdomo, ataomba mwenyewe."

Haya. Sasa ndugu yangu.

Sadiki ni mdogo wangu kwa miaka minne, fundi wa pikipiki. Wakati ule alikuwa na banda lake Oli, si mbali na chumba changu. Siku moja akaja mbwa amekabwa na waya wa mtego, ule wanaotegea swala maporini. Waya ulikuwa umezama ndani ya nyama, shingo nzima imeoza, mbwa anazunguka akilia. Sadiki akamnasa, akamkalia mgongoni, akachukua koleo, akaanza kukata waya. Nyuzi za waya ule zilikuwa nyingi zimesokotwa. Kila akibana, mbwa analia kama mtu.

Mzee akatokea na kuona fundi amekaa juu ya mbwa, koleo shingoni, damu mikononi. Hakuuliza. Mwalimu alitua mgongoni mwa Sadiki, halafu usoni, na Sadiki alipogeuka kusema, mzee akamlaza kofi la sikio la kushoto kwa kiganja wazi, kwa nguvu zake zote. Sadiki alianguka juu ya chuma. Damu ikamtoka sikioni. Mzee akambeba mbwa, akaja kwangu.

Mimi sikujua. Niliwasha mashine. Nikaanza upande wa pili, kama nilivyofunzwa. Yeye akamaliza kukata waya, akautoa, akaugeuzageuza mkononi. Nami nikauona. Nyuzi tatu zilikuwa zimekatwa tayari, zinang'aa, mkato mpya wa koleo. Nikasema, "Huyu, Dokta, kuna mtu alikuwa anamfungua." Akautia waya mfukoni. Saa hiyo mke wa mwenye duka akaingia akilia: "Mama Skani, Sadiki wamemwua!"

Hawakumwua. Lakini sikio la kushoto halikusikia tena, mpaka leo. Nilimwendea mzee nyumbani kwake, nikamwambia mbele ya watu: ulijua. Ulishika ule waya ukajua, palepale. Nenda kamwambie pole. Akanitazama na macho yake mekundu, akasema, "Mbwa iko hai." Nikamtemea mate miguuni. Sijutii. Jumapili iliyofuata teke lilipiga mlango wangu, nami nikakaa ndani nimeshika komeo. Asubuhi nilikuta kopo la udongo mlangoni. Nikalipiga teke.

Ningeendelea hivyo mpaka leo kama si Vurra.

Pale Vurra, malori yanaposubiri kuvuka kwenda Kongo, kulikuwa na mama Mkongomani muuza samaki wa kukausha, na mbwa wake mkubwa wa rangi ya mchanga. Mbwa huyo akamng'ata mtoto wa kike wa miaka sita, binti wa mwanamke wa chai. Mtoto alipelekwa hospitali, akapata sindano ya kwanza. Zinazofuata hazikuwepo mjini. Umati ukamgeukia mbwa kwa mawe na mapanga. Mzee, aliyekuwa pale kukagua ng'ombe, akajitupa katikati. Alipiga watu siku ile, wakampiga. Walimvunja vidole viwili kwa nondo. Mama Mkongomani analia, "Batu, muache imbwa yangu! Munaniua miye!" na mzee anapayuka kwamba mbwa huyu akifa leo hakuna atakayejua, lakini akiishi siku kumi bila kubadilika, mtoto hana kichaa. Hawakusikia. Panga likatua shingoni kwa mbwa, kushoto.

Alikuja kwangu kwenye pikipiki, mbwa amefungwa kanga mapajani, mkono mmoja umevimba, dole gumba la mkono mwingine limezama ndani ya jeraha kuzuia damu. Nyuma yake mama wa mtoto, amekuja mbio na pikipiki nyingine. Safari hii mzee hakupiga teke. Na mbwa yule mikononi, hakuweza kunyanyua mguu. Alisimama nje, akasema, "Mama, fungua. Si ya mimi. Ya mtoto."

Mama wa mtoto alinitazama tu. Nikafungua.

Kelele ya damu ilikuwa kushoto. Nikaanza upande wa kulia. Kulia kulikuwa na mshipa, lakini mwembamba, mwembamba, na karibu na koo ukapotea kabisa. Alikuwa Kapteni mwingine. Nikamwambia, "Dokta, usifunge. Upande wa pili hakuna kitu." Akafumba macho. Halafu, mkono mmoja bado umebana jeraha, kwa vidole vitatu vizima vya ule uliovimba na mimi nikiwa mkono wake wa tatu, hakuufunga ule mshipa. Aliushona, ukuta wake, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, mshono mmoja mmoja, saa mbili, mama wa mtoto ameshika taa ya simu. Damu ikaendelea kurudi. Mbwa aliishi siku kumi, kisha miezi. Mtoto yule sasa anasoma darasa la saba, na mkononi ana alama za meno anazowaonyesha wenzake kwa fahari.

Habari zilifika Koboko kabla sijafua ile kanga. Sadiki alikuwa amehamia huko na banda lake. Akanipigia simu, akaiweka sikio la kulia, akasema, "Dada, wewe nafungulia yule mutu mlango?" Nikamweleza habari ya mtoto. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Mtoto iko hai, mimi nafurahi. Lakini nyumba inafungulia yule mlango, mimi hapana ingia. Siku yeye atasema pole, mimi atakuja." Akakata. Miaka saba ndugu yangu hakukanyaga kwangu. Mume wangu alipokufa, alisimama nje ya ua na wanaume, akabeba jeneza, akaondoka bila kunywa maji. Mimi na yeye tumenyonya ziwa moja. Iliniuma, na bado kila Jumapili nilifungua mlango ule, kwa sababu mbwa waliendelea kuja na mishipa yao, na kwa sababu, Mungu anisamehe, niliipenda kazi ile. Kila Jumapili nilimwambia mzee, "Kamwambie." Kila Jumapili aliniwekea kopo la udongo pembeni ya beseni. Waya aliutundika dirishani kwake, nikauona siku nyingi.

Mwaka huu, baada ya Idi, akaja bila mbwa. Amekonda, amevaa skafu ya sufu shingoni katika joto lile. Na kopo la udongo mkononi.

"Leo mbwa yuko wapi?" nikamwuliza.

"Iko moja," akasema, akalala mwenyewe kwenye kitanda, akafungua skafu.

Upande wa kushoto, chini ya taya, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai la bata. Nikashika kichwa cha mashine, mkono ukaenda penye uvimbe. Akaugonga. Basi nikaanza upande wa kulia. Huko mshipa ulikuwa mkubwa, mzuri, unalala ukibonyezwa. Kushoto haukuwepo tena. Lile donge lilikuwa limeumeza. Hospitali walikuwa wamekwisha kata kipande wakakipima, alikuwa anajua kila kitu, hata siku zilizombakia. Alitaka tu kuona. Aligeuza macho kwenye kioo, akatazama shingo yake kwa muda mrefu, akasema angeichora kama vidole vingemtii.

Kisha akasema, "Hapana andika jina. Ukiandika, Koboko itajua mbele ya mimi fika."

"Unakwenda Koboko?"

"Wewe nanipeleka. Lakini Sadiki hapana jua hii." Akagusa shingo. "Akiona mgonjwa, atasamehe mgonjwa. Mimi nataka yeye aone yule alipiga yeye."

Ningekataa. Sikukataa. Nilikuwa nimengoja miaka saba, na nilitaka, nasema wazi, nilitaka kumwona akipigwa.

Banda la Sadiki liko kando ya barabara, mbele ya soko. Alikuwa amechuchumaa penye injini. Mzee alimwendea, skafu imefungwa juu mpaka kidevuni, akaweka waya juu ya benchi, akaweka Mwalimu kando yake. Sadiki alitazama ule waya. Aliuchukua, akapitisha kidole penye zile nyuzi tatu.

"Yeye nataka nini, dada?"

"Amekuja kusema."

"Aseme."

Mzee alifungua mdomo. Nilimwona taya likicheza, koo likipanda na kushuka ndani ya ile sufu, na neno halikutoka. Mtu aliyemwambia kila mbwa wa Arua neno hilo! Akausukuma ule mpira kwenye benchi. "Piga kwanza," akasema.

Sadiki aliuchukua, akautupa barabarani. Halafu akamchapa kofi kwa kiganja wazi, sikio la kushoto, kwa nguvu zake zote. Mzee akaanguka kwenye karai la oili chafu, karai likapinduka, akagaragara mle, na skafu ikamtoka.

Mafundi wote wakaacha kazi. Ule uvimbe ulikuwa pale, unang'aa oili, na kofi lilikuwa limeugusa, umeanza kutoa damu. Sadiki alitazama mkono wake. Alinitazama mimi.

"Wewe najua?"

"Nilijua."

"Munaleta kwangu mutu ya kufa, munanyamaza, mimi napiga!" Alininyanyulia mkono, ndugu yangu, mara ya kwanza katika maisha yetu, ukakaa juu hapo, na mimi sikukwepa kwa sababu nilistahili.

"Hapana piga yeye," mzee akasema kutoka chini. "Mimi nakataza yeye sema. Wewe hapana kosa. Wewe hapana ona upande ya pili. Kama mimi."

Mkono wa Sadiki ulishuka polepole. Alilia. Alilia kwa hasira, akitukana kwa Kikakwa, lugha ya kwetu, huku anamnyanyua mzee kwa makwapa, anamkalisha juu ya tairi, anampangusa shingo kwa kitambaa, anakibana pale penye damu kwa dole gumba. Kisha akazunguka, akakaa upande ule wa pili, kushoto kwa mzee, akainamisha kichwa karibu kabisa na mdomo wa mzee, sikio la kulia mbele.

"Ile nyingine wewe nafunga," akasema. "Sema huku."

Mzee akainama. Niliona midomo ikitembea. Ilikuwa sauti ndogo, hata mimi niliyekuwa hatua mbili sikuipata. Sadiki alikuwa anatazama barabara, uso mgumu.

"Mimi hapana sikia," akasema.

Mzee akavuta pumzi, akasema tena, kwa nguvu kidogo. Fundi wa jirani aligeuka.

"Hapana sikia."

"Pole!" mzee akapayuka, sauti ikamkatika. "Pole, Sadiki. Pole, mwanangu. Pole."

Sadiki hakumtazama. Dole gumba lake lilikuwa bado limebana pale shingoni, taratibu, kama mtu anayejua mahali.

"Sema tena," akasema. Na lile lilikuwa sikio lake zima.